Anayefuata ni Nani?

Ukitoa ile saa, Royal Rumble ni mechi mbovu. Nasema hivyo nikiwa mtu ambaye ameitazama tangu shule ya msingi na bado huamka saa tisa usiku kila mwaka kwa sababu yake. Ulingoni kuna wanaume wanane au kumi wazito, wamechoka, wamekumbatiana kwenye kona kama ndugu waliokutana Machakos Country Bus baada ya miaka mingi. Huyu anausukuma mguu wa yule juu ya kamba, yule ameng'ang'ania, na kamera haijui imfuate nani.

Halafu saa inatokea kwenye skrini. Kumi. Tisa. Nane. Ukumbi mzima unahesabu kwa sauti moja. Ikifika sufuri king'ora kinalia, kunakuwa na kimya cha kama sekunde moja, kisha muziki. Na watu maelfu wanaruka kutoka vitini kwa sababu wameutambua wimbo kabla hawajamwona mwenyewe.

Kama hujawahi kutazama, sheria ni hizi. Wawili wanaanza. Kila baada ya dakika moja na nusu au mbili (kampuni huahidi, halafu inajifanyia inavyotaka) anaingia mwingine, mpaka watimie 30. Ukitupwa nje kupitia juu ya kamba ya juu na miguu yako yote miwili iguse sakafu, kwaheri. Anayebaki wa mwisho ameshinda, na tangu 1993 zawadi yake ni kupigania mkanda wa ubingwa kwenye WrestleMania.

Na ndiyo, matokeo yamepangwa. Hilo swali la "ni real ama ni fake" mimi na wenzangu tulilimaliza darasa la tano, na halijawahi kunisumbua tena. Kinachonivutia ni upande wake wa pili. Ukiniambia timu fulani haijawahi kuchukua ligi, nitasema labda ni wabovu, labda hawana pesa, labda refa. Ukiniambia mtu wa aina fulani hajawahi kushinda Rumble, hapo hakuna cha labda. Kuna watu walikaa mezani, wakanywa kahawa, wakaamua. Mechi iliyopangwa ni kama daftari la mwenye duka: inaonyesha wazi nani anakopeshwa na nani haaminiki.

Tuanze na jina, kwa sababu lina uchafu wake. Mpambano wa aina hii, wote dhidi ya wote, huitwa battle royal, na neno hilo linatoka Uingereza, kwenye mapigano ya majogoo. Unatupa majogoo wengi uwanjani, atakayebaki amesimama ndiye mfalme. Baadaye likahamia kwa binadamu. Kule kusini mwa Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa na hadi ndani kabisa ya karne ya 20, battle royal ilikuwa burudani ya wazungu. Vijana weusi, watano, wanane, kumi, wanafungwa vitambaa machoni, wanaingizwa ulingoni pamoja na kuambiwa wapigane mpaka abaki mmoja. Wazee wenye heshima zao wanacheka na kurusha sarafu. Jack Johnson, aliyekuja kuwa bingwa wa kwanza mweusi wa ndondi za uzito wa juu duniani mwaka 1908, alipitia huko akiwa kijana Galveston, Texas. James Brown, ndiyo, yule yule wa muziki, alisimulia kwamba alipigana hivyo utotoni huko Augusta, Georgia. Ralph Ellison aliifungua riwaya yake Invisible Man ya 1952 kwa mpambano kama huo. Ukishaisoma hiyo sura, jina battle royal halikai tena vizuri masikioni.

Kitu kimoja kwenye hizo simulizi hukaa nami. Hakuna anayeingia kwa jina lake. Wanaingia pamoja, macho yamefungwa, na kwa anayetazama hawana tofauti.

Mieleka ya kulipwa iliuchukua mpambano huo na kuufanya kivutio. Ukitaka kujaza ukumbi, unatangaza kwamba leo kila mtu atakuwa ulingoni kwa wakati mmoja. Aliyeufanya kuwa desturi ya mwaka alikuwa Roy Shire, promota wa San Francisco. Kuanzia 1967, kila Januari, aliwaweka watu 18 ulingoni katika ukumbi wa Cow Palace, na ikawa ndiyo siku kuu ya mieleka upande ule wa nchi. Mmoja wa nyota wake alikuwa kijana wa Montreal aliyezaliwa 1941 kwa jina Pierre Clermont. Ulingoni aliitwa Pat Patterson.

Patterson ndiye mtu wa hadithi hii. Alitoka familia maskini. Alipowaambia wazazi wake kwamba anampenda mwanamume, baba yake alimfukuza nyumbani. Akaenda Boston mwanzoni mwa miaka ya 60, Kiingereza hajui, na huko akakutana na Louie Dondero, ambaye waliishi pamoja kwa zaidi ya miaka 30. Kwenye mieleka walijua. Wapiganaji walijua, mabosi walijua, Louie alikuwa akisafiri nao. Ila shabiki aliyenunua tiketi hakuambiwa kitu. Patterson akawa bingwa wa kwanza wa mkanda wa Intercontinental mwaka 1979, na alipozeeka akahamia nyuma ya pazia, akawa mmoja wa watu wa karibu kabisa wa Vince McMahon, mwenye WWF, kampuni ambayo leo ni WWE.

Huko nyuma ya pazia ndiko alikofikiria badiliko moja dogo sana kwenye battle royal ya Cow Palace: wasiingie wote pamoja. Waingie mmoja mmoja, kwa namba, na hakuna mtazamaji anayejua ni nani anafuata.

Basi, ni hilo tu. Kwa simulizi ya Patterson mwenyewe, McMahon aliliona wazo hilo kuwa upuzi, mpaka Dick Ebersol, mtu wa televisheni aliyekuwa akishirikiana nao, alipolisikia na kulipenda. Oktoba 1987 wakalijaribu kimya kimya St. Louis, watu 12, na ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mshindi wa jaribio hilo alikuwa jitu la zaidi ya kilo 200 lililoitwa One Man Gang. Mshike huyo, nitarudi kwake.

Tarehe 24 Januari 1988, Hamilton, Kanada, watu 20, ikaoneshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Usiseme ni mapenzi ya sanaa yaliyoipa tarehe hiyo. Wapinzani wao walikuwa wanauza onyesho lao la kulipia usiku uleule, na McMahon akaamua kutoa lake bure ili awaharibie biashara. Alifanikiwa. Bret Hart na Tito Santana walianza, na mwishowe Jim Duggan, mzalendo mwenye ndevu anayezunguka na ubao begani, akabaki peke yake baada ya kumwondoa huyohuyo One Man Gang. Mwaka uliofuata wakaongeza wakawa 30, wakaanza kuiuza, na haijawahi kukosa Januari yake mpaka ilipoanza kusogezwa kidogo miaka hii ya karibuni.

Fikiria sasa alichofanya Patterson. Alichukua mpambano ambao asili yake ni watu wasiotofautishwa, akampa kila mmoja mlango. Hata yule wa kutupwa baada ya sekunde tano ana zamu yake: saa inamhesabia, muziki wake unapigwa, watu wote wanageuza shingo. Mtu aliyejificha nusu ya maisha yake akabuni mchezo ambao raha yake yote ni nani atatokea. Sijui kama yeye aliwahi kuuona hivyo. Mimi nauona hivyo.

Shida ni kwamba mlango una bawabu. Bawabu ndiye anayeamua unaingia na jina gani.

Turudi kwa One Man Gang. Alikuwa mzungu, na jina lake halisi ni George Gray. Mwaka huohuo wa 1988, miezi michache baada ya kuwa wa pili kwenye Rumble ya kwanza, kampuni ilitangaza kwamba amegundua asili yake ya Kiafrika. Wakambadilisha jina akawa Akeem, "African Dream". Wakamvika dashiki na kofia yake, akawa anacheza akitikisa mikono, na kwenye utambulisho ikatajwa kwamba anatoka ndani kabisa ya Afrika lenye giza. Nakwambia ukweli. Mzungu huyo aliingia Rumble ya 1989 kama Mwafrika, na nchi yake haikutajwa, Afrika tu.

Sisi wa huku Afrika Mashariki tulikuwa na wetu. Kamala, "jitu la Uganda", alikuwa James Harris wa Mississippi. Kwenye hadithi yao, aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Walimpaka rangi za nyota na mwezi tumboni, wakamvika kitambaa cha ngozi, na kazi yake ikawa kupiga tumbo na kutojua sheria za mchezo. Tulipomwona kwenye kanda pale kibandani hakuna aliyecheka zaidi ya Opiyo fundi wa baiskeli, aliyekuwa amefanya kazi Kampala, ambaye alisimama akauliza skrini kwa Kiganda swali ambalo hakuna mwingine aliyelielewa. Kamala hakujibu.

Nilipozaliwa haya yalikuwa yashapita, lakini kanda hazijui umri. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha video, mabati pande zote, shilingi kumi kuingia, na Rumble ilikuwa inafika wiki kadhaa baada ya Januari ikiwa kwenye DVD iliyoandikwa kwa kalamu nyeusi. Ukikutana na mtu ambaye ameshaona, unaziba masikio. Kitu kizuri ni kwamba mwenye kibanda hakuwa na mpangilio: leo mnaona ya 2003, kesho ya 1992. Tulijifunza historia hiyo bila kufuata kalenda, na labda ndiyo sababu mpaka leo kichwani mwangu Ric Flair na John Cena wana umri mmoja.

Ya 1992 ndiyo bora zaidi, na yeyote anayebisha namheshimu tu kwa umri. Mkanda wa ubingwa ulikuwa hauna mwenyewe baada ya vurugu za Hulk Hogan na Undertaker mwishoni mwa 1991, ikaamuliwa kwamba mshindi wa Rumble ndiye bingwa. Flair, miaka 42, akavuta namba 3. Wakati huo namba 3 ilikuwa hukumu. Akakaa ulingoni karibu saa nzima. Alipigwa na kila aliyeingia. Alikuwa anateleza chini ya kamba, anajilaza, anaomba msamaha kwa magoti kisha anakufinya jicho ukigeuka. Mtangazaji Bobby Heenan, aliyekuwa upande wake, aliugua, akaombea, akalaani, yaani ule utangazaji wake pekee ni mchezo wa kuigiza mzima. Mwishowe Hogan, ambaye alikuwa ashatupwa nje, akamshika mkono Sid Justice kutoka chini, na Flair akamalizia kwa kumsukuma. Shujaa wa watoto alifanya roho mbaya na mhuni akashinda kwa jasho. Pale kibandani kulizuka mabishano ambayo nadhani hayajaisha.

Baada ya hapo wajanja wakajua kazi ni kutafuta mianya ya sheria. 1995 Shawn Michaels aliingia namba 1, akatupwa na British Bulldog, muziki wa Bulldog ukaanza kupigwa, kumbe mguu mmoja tu ndio uligusa chini. Miguu miwili, sheria inasema. Akarudi akashinda. 1997 Steve Austin alitupwa kabisa, marefa wakawa wanaangalia ugomvi mwingine, akarudi ndani kana kwamba hakuna kitu na kuibeba. Sisi Wakenya tunaielewa hiyo bila maelezo.

Na 1999 mshindi alikuwa Vince McMahon mwenyewe. Mwenye kampuni. Alijiandika kwenye orodha, muda mwingi akakaa nje ya ulingo, hata kwenye meza ya watangazaji, akarudi mwishoni na kushinda. Ilikuwa sehemu ya hadithi, alikuwa anaigiza bosi mbaya, na tulimchukia jinsi ilivyotakiwa. Hata ajali zilikuwa za kwake: 2005 Batista na John Cena walianguka wakagusa chini pamoja, McMahon akatoka mbio kuja kuamua, akaingia ulingoni kwa kasi na kuchana misuli ya mapaja yote mawili. Akaamua akiwa amekaa chini kama mtoto. Batista alishinda baada ya mpambano kuanzishwa upya.

Jina linaweza pia kufutwa. Mwaka 2004 aliyeshinda kutoka namba 1, zaidi ya saa nzima ulingoni, alikuwa Chris Benoit. Mwaka 2007 alimuua mke wake na mtoto wao wa kiume, kisha akajiua. Kampuni huwa haimtaji kabisa. Kwa hilo sina ugomvi nao.

Sasa, kule shuleni tulikuwa tunacheza Rumble yetu uwanjani wakati wa chakula cha mchana. Kamba ya juu ilikuwa mstari uliochorwa kwa kijiti. Namba tulizipata kwa karatasi zilizokunjwa, isipokuwa namba 30, ambayo ilikuwa ya mwenye mpira. Na saa ilikuwa dada yangu. Alikuwa na sauti inayofika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, kwa hivyo yeye ndiye alikuwa anahesabu kutoka kumi na kuita anayefuata. Wasichana wengine walikuwa mashabiki. Hakuna aliyewakataza kupigana, na hakuna aliyekunja karatasi yenye jina la msichana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye kanda tulizokuwa tunaziiga.

Mwanamke wa kwanza kuingia Rumble alikuwa Chyna, mwaka huohuo wa 1999, namba 30. Alimtoa Mark Henry, mwanamume mwenye nguvu kuliko karibu wote duniani, na muda mfupi baadaye Austin akamtoa yeye. Baada yake walipita wawili watatu, mmoja mmoja, miaka mingi katikati, kama maua mezani. Mwaka 2018 ndipo wanawake walipewa Rumble yao wenyewe, watu 30 kamili, Philadelphia, miaka 30 tangu ile ya Hamilton. Walifunga onyesho. Asuka wa Japani alishinda, na usiku huohuo upande wa wanaume akashinda Mjapani mwingine, Shinsuke Nakamura. Ilikuwa Januari nzuri.

Aprili ya mwaka huohuo kampuni ilienda Jeddah kufanya kitu ilichokiita Greatest Royal Rumble, watu 50, kwa mkataba mnono na Saudia. Wanawake waliotoka kushangiliwa Philadelphia hawakuruhusiwa kupigana. Usiku huo unakumbukwa kwa sababu Titus O'Neil alikuja mbio kuingia, akateleza, na kupotea mzima mzima chini ya ulingo. Nimeitazama hiyo video mara mia na bado nacheka. Lakini nikimaliza kucheka nakumbuka ni nani hakuwepo.

Tuseme pia kuhusu Kofi Kingston, maana huyu ni wetu na anauma. Alizaliwa Ghana. Alipoanza kuonekana mwaka 2008 kampuni ilimtangaza kama Mjamaika, ikampa na lafudhi, halafu baada ya muda lafudhi ikatoweka bila maelezo. Mwafrika kamili alikuwepo, wakaona Jamaika inauzika zaidi! Ndani ya Rumble, Kofi akawa msanii wa kutoanguka. 2012 alitupwa nje, akatua kwa mikono, akatembea kwa mikono miguu ikiwa hewani mpaka kwenye ngazi za chuma na kurudi ulingoni. 2013 alinaswa juu ya meza ya watangazaji, akaomba kiti cha ofisi, akakishika na kuruka nacho kama chura mpaka akafika. Kila Januari tulikuwa tunangoja Kofi atafanya nini mwaka huu.

Ukiangalia kwa makini utaona kazi aliyopewa. Karibu aanguke, asianguke, ukumbi ushangilie, na dakika chache baadaye atupwe kwa njia ya kawaida kabisa kamera ikiwa inamfuata mwingine. Kwa upande wa wanaume, mshindi pekee wa Rumble mwenye asili ya Kiafrika ni The Rock, mwaka 2000, ambaye baba yake alikuwa mweusi wa Kanada na mama yake Msamoa. Kofi alikuja kuwa bingwa Aprili 2019, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuuvaa mkanda huo, na wasee walilia, nami nikiwemo. Alifika huko kwa sababu mwenzake aliumia Februari na yeye akaitwa kujaza pengo. Mlango wa Rumble, ambao aliupamba kuliko mtu yeyote, haukuwahi kumpeleka popote.

Je, watazamaji wana sauti yoyote? Wanayo, mara moja moja. Pittsburgh, 2014, ukumbi mzima ulikuwa unamtaka Daniel Bryan, mtu mdogo mwenye ndevu ambaye kampuni haikumwona kama sura ya bango. Namba zikaenda, 27, 28, 29, bado hayupo. Saa ikahesabu ya 30. Ukalia muziki wa Rey Mysterio, mmoja wa wanamieleka wanaopendwa zaidi duniani, aliyeshinda mwaka 2006 baada ya zaidi ya saa nzima ulingoni akimkumbuka rafiki yake marehemu Eddie Guerrero. Wakamzomea. Rey hakuwa amekosa chochote, kosa lake lilikuwa kwamba si Bryan. Batista aliyeshinda akazomewa pia mpaka mwisho. Miezi miwili na kitu baadaye Bryan alifunga WrestleMania akiwa na mikanda miwili mikononi. Kuzomea kulifanya kazi. Nchini kwetu najua watu wanaojaribu hivyo kila miaka mitano.

Tarehe 26 Januari 2024 McMahon alijiuzulu, siku moja baada ya mfanyakazi wa zamani kumshtaki mahakamani kwa unyanyasaji wa kingono na usafirishaji wa binadamu. Yeye amekanusha. Rumble ilikuwa kesho yake. Saa ilihesabu kama kawaida, Bayley na Cody Rhodes wakashinda, fataki zikalipuka. Na Januari 2026 Rumble yenyewe ikapelekwa Riyadh, mara ya kwanza nje ya Amerika Kaskazini, safari hii wanawake wakiwemo.

Riyadh, ambako mapenzi ya Pat Patterson na Louie ni kosa la jinai. Sisi tusijifanye watakatifu hapo: Mei 2019 Mahakama Kuu yetu iliviacha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu pale vilipokuwa. Louie alikufa kwa moyo mwaka 1998. Patterson alikaa na siri yake mbele ya umma mpaka 2014, alipokuwa na miaka 73, ndipo akaisema kwenye kipindi cha televisheni akiwa amekaa na wazee wenzake wa mieleka, machozi yakimtoka. Wenzake wengi pale walikuwa wakijua miaka yote. Waliinuka wakamkumbatia.

Alifariki tarehe 2 Desemba 2020. Rumble ya kwanza bila yeye duniani ilikuwa 31 Januari 2021, wakati wa korona, uwanja mtupu huko Florida, mashabiki wakiwa nyuso kwenye skrini zilizopangwa ukutani. Bianca Belair aliingia akiwa na ule mkia wake wa nywele unaofika karibu na magoti. Alikaa dakika 56. Wa mwisho aliyebaki naye alikuwa Rhea Ripley, na Bianca alipomtoa akapiga magoti pale katikati na kulia, machozi ya mtu ambaye ameambiwa matokeo mapema na bado hayaamini. Mwanamke wa kwanza mweusi kushinda Rumble. Aprili hiyo yeye na Sasha Banks walifunga usiku wa kwanza wa WrestleMania, wanawake wawili weusi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nilimtumia dada yangu hicho kipande kwenye WhatsApp. Ana watoto wawili siku hizi na mieleka haimhusu. Alijibu baada ya nusu saa, swali moja tu: aliingia namba ngapi?

Tatu, nikamwambia.